Kampuni changa za ubunifu Afrika Mashariki: zinavyojengwa na zinavyoanguka

Kampuni changa ni biashara mpya inayojaribu njia ambayo bado haijathibitishwa ya kuondoa tatizo fulani, kwa nia ya kukua haraka kuliko duka au gereji ya kawaida. Katika Afrika Mashariki kampuni za aina hiyo zimeingia kwenye fedha, nishati, mazao, bodaboda, dawa na mizigo. Wafanyabiashara na wenye malori hukutana nazo kila siku. Baadhi yao ni wateja wake, na wengine wanazidai.

Mifano iliyopo katika nchi jirani inaonyesha kuwa ubunifu unaodumu hauanzi na programu ya simu. Huanza na gharama ambayo mtu tayari anailipa, na husimama pale mwanzilishi anapojua ni pesa ya nani itakayokuwa nje kabla mteja wa mwisho hajalipa.

Fedha: wateja waliobadilisha jaribio

Mfano unaojulikana zaidi ulizaliwa ndani ya kampuni kubwa. Mwaka 2005 Bw. Nick Hughes na Bi. Susie Lonie wa Vodafone, wakishirikiana na Safaricom, walianza jaribio nchini Kenya kwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo kwa simu. Washiriki walianza kuitumia huduma hiyo kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, urejeshaji wa mikopo ulikuwa umewekwa kando na kutuma pesa kukawa ndiyo huduma yenyewe.

Cellulant nayo ilibadilika kwa namna hiyo. Bw. Ken Njoroge wa Kenya na Bw. Bolaji Akinboro wa Nigeria waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na biashara yake ya awali ilikuwa kuuza muziki na milio ya simu. Baadaye ilihamia kwenye mfumo wa malipo unaounganisha benki, kampuni za simu na wafanyabiashara. Mwaka 2018 ilipata uwekezaji wa dola milioni 47.5 za Marekani.

Nishati: kulipa kidogo kidogo

Bw. Hughes, pamoja na Bw. Jesse Moore na Bw. Chad Larson, walianzisha M-KOPA, iliyoanza biashara nchini Kenya mwaka 2012. Familia nyingi vijijini zilikuwa zikitumia pesa kila siku kununua mafuta ya taa na kuchaji simu dukani. Kampuni iliwapa taa za umeme wa jua kwa malipo ya kwanza, kisha kiasi kidogo kila siku kupitia M-Pesa. Katika miaka ya mwanzo kiasi hicho kilikuwa kama shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja.

Taa za jua zilikuwapo sokoni kabla ya hapo. Jambo jipya lilikuwa laini ya simu iliyowekwa ndani ya kifaa, ambayo iliiwezesha kampuni kukizima malipo yakisimama na kukiwasha yakiendelea. Kwa njia hiyo mtu asiye na hati ya nyumba wala mshahara aliweza kukopeshwa, na kifaa chenyewe ndicho kikawa dhamana. Baadaye kampuni ilitumia utaratibu huo kuuza simu na pikipiki za umeme.

Pikipiki: mwanzilishi anayeijua kazi

Huduma ya SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014. Mmoja wa waanzilishi wake, Bw. Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha bodaboda. Walioijenga walijua abiria analalamikia nini: kofia ya pili haipo, nauli haijulikani mpaka mwisho wa safari, na dereva hafahamiki. Huduma ilijengwa juu ya mafunzo, kofia mbili na nauli inayoonekana kabla ya kupanda.

Hata hivyo, kuijua Kampala hakukutosha kuishika Nairobi. SafeBoda iliingia Kenya mwaka 2018 na kusitisha huduma zake huko Novemba 2020, wakati biashara ya usafiri ikiwa imepigwa na janga la Covid-19.

Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilichagua gharama nyingine ya dereva, yaani petroli. Dereva hununua pikipiki ya umeme bila betri, kisha hubadilishana betri iliyokwisha kwa iliyojaa kituoni na kulipia umeme alioutumia. Kwa kuwa betri ni mali ya kampuni, bei ya pikipiki inapungua na dereva habebi hasara betri inapochakaa.

Damu na dawa: mnunuzi kwanza

Oktoba 2016 kampuni ya Zipline kutoka Marekani ilianza kupeleka damu katika hospitali za Rwanda kwa ndege zisizo na rubani, kutoka kituo kilichopo Muhanga. Damu huharibika, na hospitali ndogo haiwezi kuweka akiba ya kila kundi. Gari linalopanda milima wakati wa mvua nalo huchelewa.

Zipline haikurusha ndege kwanza na kutafuta wateja baadaye. Serikali ya Rwanda ilikuwa mnunuzi tangu mwanzo, na vibali vya anga vilikuwa sehemu ya mpango huohuo. Baada ya kufanya kazi Rwanda, kampuni ilianza Ghana mwaka 2019.

Mazao na maduka: faida nyembamba

Twiga Foods ilianzishwa Kenya mwaka 2014 na Bw. Grant Brooke pamoja na Bw. Peter Njonjo. Ilianza na zao moja, ndizi: ilinunua kwa mkulima, ikaivisha, na kumfikishia mwenye kibanda mjini. Ilipoongeza bidhaa za viwandani kama unga na mafuta, iliingia mahali ambapo faida kwa kila katoni ni ndogo na wauzaji wa jumla wa zamani wamejipanga vizuri. Mwaka 2023 ilipunguza wafanyakazi.

Copia, iliyopelekea bidhaa wateja wa vijijini kupitia mawakala, ilisitisha kazi zake Uganda mwaka 2023. Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi nchini Kenya. Nayo Wasoko, iliyokuwa ikipeleka bidhaa kwa wenye maduka madogo, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024.

Kampuni hizi zilikabiliwa na hali moja. Tangu Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba, wawekezaji wa nje walipunguza kasi ya kutoa pesa. Kampuni iliyokuwa ikiuza kwa hasara ili ikue ilijikuta bila wa kuifidia.

Malori: hesabu ya pengo

Mombasa hupokea makontena mengi ya mizigo iliyoagizwa kuliko bidhaa zinazosafirishwa nje, na kwa sababu hiyo malori mengi hurudi kutoka Kampala au Kigali yakiwa matupu. Mwenye mzigo naye hutafuta lori kwa kupiga simu kwa madalali kadhaa. Lori Systems, iliyoanzishwa na Bw. Josh Sandler mwaka 2016, ilijitokeza kukutanisha pande hizo mbili, na mwaka 2017 ilishinda shindano la kampuni changa za Afrika la TechCrunch lililofanyika Nairobi.

Kukutanisha mzigo na lori ndiyo sehemu rahisi. Mwenye lori anahitaji pesa ya dizeli mapema, wakati kampuni kubwa yenye mzigo hulipa baada ya siku 30, 60 au hata 90. Anayesimama katikati hana budi kuziba pengo hilo.

Chukulia mfano wa kampuni inayopeleka mizigo 10 kwa siku, kila mmoja kwa shilingi 200,000. Inachukua asilimia 5, sawa na 10,000, na kumlipa mwenye lori 190,000 baada ya siku 7. Mwenye mzigo analipa baada ya siku 60. Kwa siku 53 katikati, kampuni inakuwa na zaidi ya shilingi milioni 100 nje. Ikiwa imezikopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba ni kama 41,000 kwa siku. Mapato yake kwa siku ni 100,000. Mishahara, ofisi na hasara ya mizigo bado havijaguswa, na kila mteja mpya anaongeza pengo.

Sendy ya Nairobi ilianza kwa kuunganisha wateja na waendesha pikipiki, ikaingia kwenye malori, kisha kwenye kuhifadhi na kusambaza bidhaa za wauzaji. Januari 2020 ilipata dola milioni 20 kutoka kwa wawekezaji. Mwaka 2023 ilifunga shughuli zake na kuwekwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi.

Kampuni ikifika hapo, mwenye lori anayedai nauli huwa mdai asiye na dhamana. Hulipwa baada ya mabenki yenye dhamana na baada ya madai yenye kipaumbele kama mishahara, ikiwa kutakuwa kumebaki kitu.

Kuvuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Himaya Moja ya Forodha ilifuata mwaka 2014. Mzigo unavuka kwa urahisi zaidi kuliko zamani, lakini kampuni inayovuka nao hukuta leseni, sarafu, kodi ya ongezeko la thamani na benki kuu nyingine. Mwanzilishi mwangalifu huchukulia kila nchi kama biashara mpya yenye hesabu zake, hata kama programu ni ileile.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutia saini

1. Nani analipa, na alikuwa akilipa nini kabla ya kampuni hii kuja? Kama hakuna aliyekuwa akilipa, soko bado halijathibitishwa.

2. Bei nafuu inatoka wapi? Ikitoka kwenye safari chache tupu au upotevu mdogo, inaweza kudumu. Ikitoka kwa mwekezaji, itakoma pesa yake ikikoma.

3. Malipo ni baada ya siku ngapi, na yamekuwa yakisogea? Kampuni iliyokuwa ikilipa kwa siku 7 na sasa inalipa kwa 30 inajiendesha kwa pesa ya wasafirishaji.

4. Mkataba ni wa kampuni ipi, na imesajiliwa nchi gani? Kampuni mama ikiwa ng'ambo, mdai wa Malaba au Rusumo anaweza kubaki na tawi lisilo na mali.

5. Ni sehemu gani ya mapato inatoka kwa mteja huyo mmoja? Msafirishaji aweke kikomo cha deni kwa kila kampuni na asimamishe malori likifikiwa, hata kama mizigo bado inakuja.

Kampuni changa hujaribu njia mpya, na baadhi ya majaribio hushindwa. Msafirishaji anaweza kunufaika nayo bila kuanguka nayo, mradi deni lisizidi kiasi anachoweza kukipoteza na bado akapata dizeli ya safari inayofuata.