Rangi ya njano, harufu hakuna

Wadau, juzi nimetoka Mchafukoge, nikavuka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo kusaka ndizi. Nikakuta njano tupu, zinang'aa. Nikanusa, hola. "Kaka, ndizi inaliwa, hainuswi," muuzaji akanicheka. Nikanunua. Nyumbani namenya, kati ngumu kama muhogo mbichi. Nikamkumbuka bibi.

Bibi alikuwa akivundika ndizi shimoni: anatandika majani makavu ya mgomba, anapanga vichane, anafukia, anapenyeza moshi. Baada ya siku chache harufu inatuita kabla hajafukua. Shuleni hakuna aliyetuambia kwamba ile ni sayansi.

Maabara zilikuja baadaye. Mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubow alieleza kuwa miche ya njegere ilipinda kwa sababu ya ethilini iliyokuwa kwenye gesi ya taa. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kuwa tofaa linapoiva linatoa ethilini lenyewe. Kumbe ni homoni ya mmea! Moshi wa bibi nao unayo, na shimo linaizuia isipotee.

Ethilini huamsha vimeng'enya. Vingine huondoa ukijani, vingine hugeuza wanga kuwa sukari, vingine hutengeneza esta, ambazo ndizo harufu. Ile ya ndizi inayofahamika zaidi ni isoamili asetati. Sasa, kazi hizi haziendi sambamba. Rangi hutangulia, harufu huchelewa, tena inahitaji akiba ya tunda lililokomaa. Ukichuma changa, ganda litageuka njano lakini harufu itakosa malighafi.

Hapo ndipo kabaidi, ile ya kuchomelea vyuma, inapoleta balaa. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini. Rangi inakuja haraka, na kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya arseniki na fosforasi. Simshitaki muuzaji wangu, ila pua yangu ilinionya nikaipuuza.

Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na tunajivunia. Lakini shimo la bibi tunaliita ushamba, kisha tunanunua njano isiyonukia. Mdau, ukienda sokoni, nusa kwanza. Akikucheka, mwache acheke.