Mwasho wa kuumwa na mbu

Mwasho wa kuumwa na mbu ni hali ya ngozi kuwasha na kuvimba mahali mbu alipofyonza damu. Anayeuma ni mbu jike tu, kwa kuwa anahitaji protini ya damu ili kutengeneza mayai; dume huishi kwa nekta ya maua.

Mbu jike anapochoma ngozi hutia mate yanayozuia damu isigande. Mate hayo si sumu. Ila kinga ya mwili huyatambua kuwa kitu kigeni, na seli za ngozi hutoa histamini, ambayo hupanua mishipa midogo ya damu na kusisimua neva. Ndipo mwasho na uvimbe hutokea. Kujikuna huuzidisha, tena kucha chafu huingiza bakteria kwenye ngozi iliyochubuka.

Mtu aliyeumwa kwa miaka mingi huweza kuyazoea mate hayo asiwashwe tena. Jambo hili si dogo katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako mbu wa Anofelesi huzaliana kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mgeni machimboni huvimba mikono, ilhali mwenyeji asiyewashwa huweza kudhani hana haja ya chandarua. Lakini vimelea vya malaria huingia pamoja na mate, mtu awashwe asiwashwe. Wala uvimbe mkubwa si dalili ya malaria: homa huanza kwa kawaida baada ya siku 7 au zaidi, alama ikiwa imekwisha kupotea, na kinachothibitisha ni kipimo cha damu.