Msitu Chunguni: Historia ya Bonsai za Washington

Bonsai si aina ya mti mbilikimo. Ni mti wa kawaida unaodumishwa udogo kwa kupogolewa matawi na mizizi, na kuelekezwa kwa waya, ndani ya chungu kipana kisicho na kina. Mbegu yake ikipandwa shambani hutoa mti mrefu kama mingine. Ufundi huu ulianzia China, unakoitwa penjing. Michoro ya ukutani katika kaburi la mwanamfalme Li Xian, ya mwaka 706, inaonyesha watumishi waliobeba vyombo vyenye mawe na mimea midogo. Wajapani waliupokea na kuukuza kwa namna yao.

Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, Chama cha Bonsai cha Japani kiliipa zawadi ya miti 53. Miti hiyo ndiyo chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya Bonsai na Penjing, yaliyomo katika bustani ya miti ya serikali jijini Washington. Mwaka 1986 Yee-sun Wu wa Hong Kong aliongeza penjing zake.

Mti unaotafutwa zaidi na wageni ni msonobari mweupe uliotunzwa tangu 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa nyumbani kwa Masaru Yamaki, Hiroshima, takribani kilomita 3 kutoka bomu la atomiki lilipolipuka. Ukuta uliukinga. Yamaki aliutoa bila kulitaja jambo hilo. Makumbusho yalilijua mwaka 2001, wajukuu wake walipofika kuuona.

Umri kama huo waweza kumkatisha tamaa anayeanza. Dawa yake ni Goshin, msitu mdogo wa mireteni 11 wa John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Aliuanza na miti miwili, akaiongeza hadi kila mjukuu wake akawa na mti wake, kisha mwaka 1984 akaukabidhi kwa makumbusho.

Mgeni hufaidika akiutazama kila mti kuanzia chini: mizizi inavyoshika udongo, shina linavyopungua unene kuelekea kileleni, matawi yanavyoachiana nafasi. Yote hayo yanaweza kujaribiwa kwa mreteni mchanga wa kitaluni, mradi ukae nje penye jua na umwagiliwe udongo unapoanza kukauka. Ukifungiwa ndani ya nyumba, hudhoofika na kufa.