Bundi wa Sokoke: gramu 50 tu, lakini anataka msitu wake

Wadau, huku Tabora bundi akilia kwenye ile miembe ya enzi za misafara, watu wanaanza kuulizana nani anaumwa. Leo nawaletea bundi ambaye mgonjwa ni yeye.

Anaitwa bundi wa Sokoke, jina la kisayansi Otus ireneae. Ana urefu wa sentimita 17 hivi na uzito kama gramu 50, yaani anaenea kiganjani. Chakula chake wadudu. Wataalamu walimtambua miaka ya 1960 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, Kenya. Bongo pia yupo: mwaka 1992 alipatikana misitu ya chini ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Dunia nzima anajulikana sehemu chache tu!

Sasa hapa ndipo penye ishu. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba kama 420, lakini jamaa hakai kote. Upande mmoja una miombo, mti uleule ambao Wanyamwezi tunauita mtundu. Huko hataki. Anataka msitu mzito wa miti ya Cynometra, kwenye udongo mwekundu. Kwa hiyo unaweza kulinda eneo kubwa kwenye ramani na bundi asifaidike chochote.

Kumhesabu ni kazi ya usiku: watafiti wanapiga sauti yake iliyorekodiwa, akiwepo anajibu. Munir Virani na wenzake walikadiria jozi 1,000 hivi mwaka 1993. Waliporudia mwaka 2008 wakapata kama 800. Msitu ulikuwepo bado, ila ndani ulikuwa unaliwa. Miti mikubwa ilikatwa kimyakimya, hasa muhugu unaopendwa na wachonga vinyago. Bundi wa ukoo huu hutaga kwenye mashimo ya miti, na mti mchanga hauna shimo.

Ndiyo maana doria peke yake haitoshi, mchongaji naye anatakiwa apate mti mwingine. Pwani ya Kenya walihimizwa kutumia mwarobaini, ambao unaota haraka hata shambani. Kwangu mimi hiyo ina akili kuliko kukamatana kila siku.

Wadau wa Urambo, Sikonge na Kaliua, huko kwenu mti mzee wenye tundu unaachwa, au unaishia kukaushia tumbaku? Mwageni data hapo chini.