Tangi la Boston na Ushahidi wa Maji

Mnunuzi wa mtungi haridhiki kwa kuutazama tu. Huugonga kwa kidole akasikiliza mlio wake, kisha huutia maji akangoja aone kama unavuja. Desturi hii ni kongwe kuliko viwanda vyote, na mafundi wa chuma walipoanza kutengeneza vyombo vikubwa vya kutunzia mvuke, mafuta na hewa iliyoshindiliwa, hawakupata njia iliyoizidi. Insha hii yataka kuonyesha jinsi jaribio hilo lilivyopuuzwa katika mji mmoja mkubwa wa Marekani, na gharama iliyofuata.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya mvuke, na mvuke uliua watu wengi. Mjini Manchester, Uingereza, wenye viwanda waliunda chama cha kukagua maboila mwaka 1854, na mwaka 1882 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuchunguza kila mpasuko. Marekani ilikawia. Tarehe 20 Machi 1905 boila la kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton katika jimbo la Massachusetts, lilipasuka likaangusha jengo, na watu 58 wakafa. Ndipo jimbo hilo likaweka sheria ya maboila mwaka 1907. Sheria ilikuwa njema, lakini ilikuwa na jicho moja: iliona mvuke tu. Chombo kisichokuwa na mvuke kilipita mbele yake kama mgeni asiyeulizwa jina.

Chombo cha namna hiyo kilisimamishwa Boston, katika jimbo lilo hilo, mwaka 1915. Kilikuwa tangi la mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa ribiti, kimo chake futi 50 na upana wake futi 90, kando ya bandari, katika mtaa wa North End uliojaa wahamiaji wa Kiitalia. Lilikuwa mali ya kampuni ya Purity Distilling, na kazi yake ilikuwa kuhifadhi molasi, yaani asali nyeusi inayobaki sukari ya miwa ikishatolewa. Molasi hiyo ililetwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi ili igeuzwe kuwa spiriti ya viwandani. Ulaya ilikuwa vitani, na spiriti ilihitajiwa katika kutengeneza baruti. Kwa hiyo haraka ilikuwa kubwa. Msimamizi wa ujenzi, Arthur Jell, alikuwa mtunza fedha wa kampuni. Hakuwa mhandisi, wala hakuweza kusoma michoro ya kihandisi. Tangi lilipokwisha kujengwa, meli ya molasi ilikuwa karibu kufika. Badala ya kulijaza maji mpaka juu, aliridhika na maji ya kina cha inchi 6.

Yafaa tuifanye hesabu ya jambo hili, maana kosa lote limo ndani yake. Maji ya inchi 6 husukuma chini kwa nguvu isiyofika robo ratili kwa kila inchi ya mraba. Molasi ni nzito kuliko maji kwa kadiri ya sehemu 4 katika 10. Ikijaa futi 50, husukuma sehemu ya chini ya ukuta kwa nguvu ya ratili 30 hivi. Basi tangi lilijaribiwa kwa mzigo usiofika sehemu moja katika mia ya ule lililokusudiwa kubeba. Hata maji ya kujaa pomoni yasingaliufikia uzito wa molasi, lakini yangalipita ratili 21, na hapana shaka viungo vingalianza kusema.

Navyo vilisema, ila hapana aliyetaka kusikia. Tangi lilivuja tangu mwanzo. Watoto wa mtaani walikuja na vyombo kukinga utamu uliotiririka ukutani. Kampuni ikalipaka tangi rangi ya kahawia, rangi ya molasi yenyewe, ili michirizi isionekane. Mwenye kupaka rangi juu ya jeraha amekwisha kukiri kwamba ameliona.

Tarehe 15 Januari 1919, baada ya saa sita na nusu mchana, likiwa na galoni za Kimarekani zipatazo 2,300,000, tangi lilipasuka. Wimbi la molasi lenye kimo cha futi 25 hivi lilishuka mitaani kwa mwendo wa maili 35 kwa saa, likavunja nyumba na kupinda nguzo za reli ya juu. Watu 21 walikufa na 150 hivi waliumia. Kampuni ilidai kwamba wapinga serikali walitega bomu. Hugh Ogden, aliyeteuliwa kusikiliza ushahidi, aliusikiliza kwa miaka, na mwaka 1925 kampuni ikabebeshwa lawama: bomu halikuwapo, ukuta ulikuwa dhaifu. Wachunguzi wa baadaye wameongeza kwamba chuma chenyewe, kwa uhaba wa manganizi, kilikuwa chepesi kuvunjika wakati wa baridi.

Baada ya miaka hiyo ribiti zilianza kuiachia nafasi kazi ya kulehemu. Kiungo cha kulehemu ni chepesi na hakivuji upesi, lakini kina hila: uso wake waweza kuwa laini huku ndani mna tundu la hewa au taka ya chuma. Tena mabamba yaliyolehemiwa huwa kama bamba moja, hata ufa ukianza haukuti mpaka wa kuusimamisha. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyotoka kumaliza majaribio yake baharini, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon. Jaribio, basi, hufichua udhaifu mwingi, si wote.

Kwa nini maji, wala si hewa, ambayo kila mwenye kompresa anayo? Maji hayashindiliki ila kidogo mno. Chombo kilichofungwa kikijazwa maji, hewa yote ikatolewa kwa juu, kisha kikasukumwa kwa pampu mpaka nguvu izidi ile ya kazi kwa nusu yake, kikipasuka hutoa mlio na mchirizi, na nguvu hushuka papo hapo. Hewa iliyoshindiliwa ni kamani iliyokazwa. Ikiachiliwa, hurusha mabamba kama vipande vya bomu. Kupaka povu la sabuni na kutia hewa kidogo sana ili kutafuta matundu ni jambo la kawaida. Kuongeza hewa hiyo ili kupima uimara ni kusimama mbele ya mzinga.

Maji yana kazi nyingine tena, nayo yatuhusu sisi hapa Afrika ya Mashariki, ambako karakana za kando ya barabara hukata na kulehemu mapipa yaliyokuwa na petroli. Pipa tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hungoja cheche tu. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1961 ilikataza kulehemu chombo cha namna hiyo kabla ya kukiondolea mafuta na mvuke wake, na Kenya inalo katazo kama hilo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kuosha mara moja hakutoshi, maana mafuta hujificha katika mikunjo ya bati na chini ya kutu, na joto la kulehemu huyageuza kuwa mvuke upya. Kwa hiyo fundi mwangalifu husafisha pipa kwa mvuke au maji ya moto, kisha hulijaza maji mpaka karibu na mahali pa kulehemu, akaacha tundu la juu wazi ili hewa inayopanuka kwa joto ipate njia ya kutokea.