Mistari Miwili, Reli Moja

Wanafunzi wa kidato cha pili ninaowafundisha tuisheni hapa Tegeta huniuliza grafu za milinganyo zina kazi gani. Huwa nawajibu kwa Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Njia ilikuwa moja, treni zinakwenda na kurudi. Ulaya ya karne ya 19 ilikwishapata namna ya kuzipanga: muda kwenye mhimili mlalo, umbali kwenye mhimili wima, kila treni na mstari wake.

Tuseme treni moja inatoka Dar, y = 40x. Nyingine inatoka kilometa 200 bara, y = 200 − 60x. Mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka, na inakatana baada ya saa 2, kwenye kilometa 80. Kama hapo hapana stesheni ya kupishana, jibu sahihi la hesabu ni ajali. Treni zinazofuatana kwa mwendo uleule zina mistari sambamba, hazikutani.

Lakini tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume mteremkoni, ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kwenye grafu, huo ni mwinamo uliogeuka kutoka chanya kuwa hasi. Ndiyo maana simruhusu mwanafunzi kubahatisha ni grafu ipi ya milinganyo ipi. Alama ya kutoa ina uzito.