Mashine Moja, Mumbai na Chicago: Nani Alitangulia?

Kila mtu akipost picha ya sintesaiza ya zamani, komenti zinajaa swali moja: hiyo inaenda how much? Hakuna anayeuliza ilipiga ngoma gani, wala ni nani aliyeipiga. Mimi naona hapo ndipo historia yetu ya muziki inapotelea, juu tunahesabu bei ya mashine na kusahau watu.

Chukua Roland TB-303. Ni kiboksi cha plastiki rangi ya fedha, kinaingia kwa begi ya shule bila shida. Leo wakusanyaji wanailipia maelfu ya dola. Lakini ilipotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 80, soko liliikataa.

Mhandisi Tadao Kikumoto aliiunda kwa kazi moja tu: kushika nafasi ya mpiga gitaa la besi. Kama wewe ni mpiga gitaa na huna bendi, unaipangia noti, unaiunganisha na mashine ya ngoma, halafu inakushikia besi ukifanya mazoezi. Wazo poa. Shida zilikuwa mbili. Kwanza, sauti yake haikukaribia gitaa la besi hata kidogo. Ililia kama mbu amefungiwa kwa chupa. Pili, kuipanga ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa: noti unaziingiza kivyake, mapigo unayaingiza kivyake, na lazima vyote vilingane. Kufika 1984 Roland walikuwa wameacha kuiunda, baada ya kutengeneza kama 10,000 hivi. Nyingi ziliishia kwa maduka ya vitu vya mkono wa pili, bei ya kutupa.

Ndugu yake mkubwa, TR-808, alipitia maisha kama hayo. Hiyo ni mashine ya ngoma iliyotoka 1980. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alinunua makusudi transista zenye kasoro, juu ndizo zilizotoa ule mvumo aliotaka. Viwanda vilipoboresha kazi yao, transista mbovu zikaisha sokoni, na 1983 mashine ikafika mwisho. Kama 12,000 tu ndizo zilizoundwa. Na bado, ile besi nzito unayoisikia kwa drill na trap, hiyo inayotingisha vioo vya matatu, mababu zake ni kiki ya 808. Kasoro iligeuka lugha ya dunia nzima.

Sasa twende Mumbai. Charanjit Singh alikuwa mpigaji wa studio, mmoja wa wale wasee wanaopiga kwa filamu za Bollywood na majina yao hayaonekani popote. Pia alikuwa na bendi ya kupiga kwa harusi. Alipokuwa Singapore alinunua vyombo vipya: sintesaiza Jupiter-8, TB-303 na TR-808. Akarudi nyumbani akajifungia navyo, akagundua anaweza kuziunganisha zikatembea kwa mapigo mamoja. Wakati huo disko ilikuwa imejaa kwa filamu za India. Yeye akaamua kuchukua raga, mitindo ya kale ya muziki wa kwao, na kuiweka juu ya mapigo ya disko.

Fikiria kidogo kwa nini ilikubali. Muziki wa India unapenda noti inayoteleza kwenda kwa noti ingine, si kuruka. TB-303 ina uwezo huohuo wa kutelezesha noti. Kile ambacho mpiga gitaa la besi alikiona uchafu, Singh alikisikia kama nyumbani. Albamu ilitoka 1982, raga kumi. Haikuuza. Singh akarudi kwa harusi zake.

Miaka michache baadaye, Chicago. Vijana watatu weusi, DJ Pierre, Spanky na Herb J, wakijiita Phuture, walipata TB-303 kuukuu. Hawakujali ilivyotakiwa kutumika. Waliiacha mashine izunguke, wakaanza kukoroga vile vitufe vya kuzungusha hadi sauti ikapiga kelele, ikalia, ikayeyuka. Wakampelekea kanda Ron Hardy, DJ wa klabu ya Music Box. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba aliipiga mara nne usiku huohuo. Mara ya kwanza watu walitoka kwa dansi. Mara ya nne walipagawa. Mwaka 1987 ikatoka kama "Acid Tracks", na mtindo mzima ukachukua jina hilo: acid house.

Mkusanyaji wa santuri kutoka Uholanzi, Edo Bouman, aliipata ile albamu ya Singh huko India, na 2010 ikatolewa upya. Mtandao ukawaka: ati Mhindi ndiye aliyevumbua acid house!

Mimi sikubali, na pia sikatai kabisa. Vijana wa Chicago hawakumwiga Singh, na yeye hakuwa anatengeneza acid house. Alikuwa anatengeneza muziki wa kwao. Kinachonishtua ni kitu kingine. Mashine ilikuwa ileile. Chicago kulikuwa na DJ mwenye roho ngumu, klabu, na umati uliokubali kusikia mara ya nne. Singh hakuwa na mtu wa kurudia ngoma yake mara ya nne. Tofauti ya jina kubwa na jina lililosahaulika inaweza kuwa hiyo tu.

Kwa hivyo siwachukii wakusanyaji. Bila mmoja wao, Singh angezikwa na albamu yake. Badala yake alipata kupiga mbele ya mashabiki Ulaya kabla ya kufariki 2015. Mkusanyaji anayefungua mlango ni mlinzi wa historia. Yule anayefungia mashine kabatini angojee bei ipande, huyo ni mfanyabiashara tu, na tumwite hivyo.

Na wewe prodyusa uliye na simu na laptopu ya kuazima, usidanganywe ati muziki wa kweli unahitaji chombo cha maelfu ya dola. Hao unaowasifu leo walianza na kitu kilichokuwa kimekataliwa. Sauti ya 303 na 808 iko kwa programu za bure. Kitu ambacho programu haina ni masikio yako na watu wako.

Lakini hapa kwetu kuna kazi haijafanywa. Mtaani kwenu kuna mzee aliyekuwa akipiga kinanda kwa harusi, kwa kanisa ama kwa hoteli, akiweka mapigo yake mwenyewe, akitafuta sauti ya nyatiti ama taarabu ndani ya mashine ya Japani. Kanda zake ziko kwa katoni, zinaliwa na unyevu. Jumamosi mtembelee. Mwambie, "Mzee, nipigie ile ya zamani." Rekodi na simu, andika jina lake, andika jina la kinanda. Halafu ipige mara ya nne.